Beringi za Magurudumu ya Mbele Baada ya Kufungua Breki za Gari la Zamani: Dalili, Sababu na Marekebisho

Malalamiko mengi juu ya magari ya zamani hapa Unguja huanza kwa sentensi moja: "Lilikuwa zima mpaka lilipofanyiwa breki." Mwenye Land Rover ya Series III ametia shuu mpya (vipande vinavyosugua ili kusimamisha gurudumu), wili silinda mpya (inayozisukuma shuu) na hozi mpya, na baada ya juma moja gurudumu la mbele linatikisika, au haba, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani yake, inaunguza mkono, au panasikika mngurumo ambao haukuwapo. Gari halikurogwa. Katika baadhi ya magari, kama Volkswagen ya kobe, breki za mbele hazifunguki bila ya kutoa haba; katika Land Rover dramu hutoka peke yake, lakini mara nyingi fundi hutoa na haba, na haba haitoki mpaka nati ya beringi ifunguliwe. Kwa hivyo kila aliyefanya breki kwa kutoa haba amefanya na beringi, ajue asijue.

Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili ni majirani wa ukuta mmoja, na kelele ya nyumba hii husikika katika nyumba ile. Shuu inayosugua dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, hutoa joto linalofanana na la beringi iliyokazwa mno, na beringi iliyolegea huifanya pedali ya breki izame kama vile mna upepo ndani ya paipu. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, jambo la mwanzo ni kuzitenganisha: legeza breki kabisa, gurudumu lizunguke bila ya kuguswa na kitu, ndipo uihukumu beringi. Beringi haipimwi wala hairekebishwi huku breki imeshika.

Kwanza, ujue gari lako lina beringi za namna gani

Magari mengi ya zamani yaliyobaki visiwani yana beringi za roli zilizolala kimshazari, mbili katika kila haba, kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje, na kila moja inakaa katika kikombe chake cha chuma kilichogongwa ndani ya haba. Hizi hurekebishwa kwa nati, na zinatakiwa kubaki na nafasi ndogo sana ya kusogea. Kwa Land Rover ya Series III nafasi hiyo ni milimita 0.05 hadi 0.10, na kwa Volkswagen ya kobe yenye beringi za roli ni milimita 0.03 hadi 0.12. Vipimo hivyo havizidi sana unene wa unywele mmoja, na hapo utaona kwa nini maneno "kaza kiasi" hayatoshi.

Morris Minor si hivyo. Haba yake ya mbele ina beringi za gololi zenye bomba la kutenganisha katikati yake, na nati yake hukazwa mpaka mwisho kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Hairekebishwi. Fundi aliyezoea Land Rover akiilegeza nati ya Morris ili "kuiachia pumzi", ameiharibu kwa nia njema. Ziko pia gari, kama MGB, zenye roli pamoja na bomba na vishimu vyembamba (washa za kujazia nafasi), na huko nafasi hupatikana kwa kuongeza au kupunguza vishimu. Vishimu vya upande mmoja visichanganywe na vya upande wa pili, hata ukiviona vinafanana.

Volkswagen ya kobe ina mtego wake: nati ya gurudumu la kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia, na waya wa spidomita hupita katikati ya ekseli hiyo hiyo ya kushoto. Wengi wameuvunja waya huo na kuizidisha nati kwa pigo moja la spana.

Dalili ya kwanza: gurudumu lina mchezo

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi, nasi gerejini huiita plei. Weka kabari nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, inua gari kwa jeki, kisha ulikalishe juu ya stendi; katika uwanja wa mchanga au wa mawe ya matumbawe yaliyovunjika, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, kwa kuwa ardhi yetu hukubali mzigo kwa dakika tano na kuukataa katika dakika ya sita. Shika tairi kwa juu na chini, uvute na kusukuma kwa zamu.

Likitikisika, usikimbilie nati. Muombe mwenzako akanyage breki na kuishikilia, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, kosa liko katika beringi, kwa sababu breki imeifunga haba pamoja na sahani ya nyuma inayobeba shuu. Mchezo ukibaki vile vile, beringi haina hatia; tafuta kingipini, boljointi au bushi zilizochakaa, yaani viungo vinavyolishika gurudumu. Likitikisika kwa kushoto na kulia tu, huku juu na chini limetulia, angalia miisho ya tairodi, fimbo za usukani. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa beringi nyingi zilizokuwa zinunuliwe bure.

Ikithibitika kuwa ni beringi, sababu ya kawaida kuliko zote ni nati iliyoachwa ikiwa imelegea tangu siku ya kazi ya breki. Fundi alikaza huku shuu zikigusa dramu, akahisi uzito, akadhani beringi imekaa mahali pake. Alipozilegeza shuu, ukweli ukajitokeza. Marekebisho yake yameelezwa mbele.

Sababu ya pili ni kikombe ambacho hakikukaa hadi mwisho ndani ya haba. Hili limenikuta mwenyewe. Nilikuwa Chake Chake na gari la jamaa yangu, nikagonga vikombe vipya, nikarekebisha vizuri, na tukaenda Konde na kurudi kwa njia ya milima ile na kona zake. Jioni gurudumu la kulia lilikuwa likicheza kama jino la mtoto. Nilipofungua, nilikuta nyuma ya kikombe kipande cha chuma chembamba kama ukucha, kilichochunwa na tindo yangu nilipokuwa nikitoa kikombe cha zamani. Mzigo wa safari ulikibana kipande kile, kikombe kikarudi nyuma, na nafasi niliyoipima ikawa si yake tena.

Tangu hapo husikiliza. Unapogonga kikombe kwa kipande cha shaba, kidogo kidogo, kwa kuzunguka ukingo mzima bila ya kukaa upande mmoja, sauti yake huwa ya wazi na yenye mwangwi. Kikifika mwisho sauti hubadilika ghafla, ikawa nzito na fupi, kama unagonga jiwe. Kabla ya hapo kazi haijaisha. Kisha pitisha kidole katika matundu ya nyuma, kama haba yako inayo, uone kama kuna uwazi baina ya kikombe na ukuta wake.

Sababu ya tatu, ambayo si ya mara nyingi lakini ni ya hatari, ni kikombe kinachozunguka ndani ya haba, au beringi iliyoikata ekseli. Kikombe kikiingia kwa kusukumwa na kidole tu, haba imekwisha. Usitie gundi, usipige alama za tindo ili "kikamate", na usiweke kipande cha kopo la soda. Acha hapo hapo. Gari lisiondoke mpaka haba nyingine ipatikane au fundi wa mashine aipime.

Dalili ya pili: haba ina joto

Endesha kilomita sita au saba kwa mwendo wa kawaida ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kwa mfano kutoka Darajani kuelekea Bububu katika saa ambazo barabara haina msongamano, kisha simama na uguse. Gusa kwa tahadhari, kwa nyuma ya vidole, na ulinganishe kulia na kushoto. Uvuguvugu ni wa kawaida. Upande mmoja ukikufanya uuondoe mkono, tafuta joto linatoka wapi: dramu ikiwa na moto zaidi kuliko kifuniko cha katikati, mshukiwa ni breki, kifuniko cha katikati kikiwa na moto zaidi, mshukiwa ni beringi.

Kwa upande wa breki, anza na shuu zilizokazwa mno. Boliti ya kurekebishia iliyoko nyuma ya sahani huzungushwa mpaka shuu iguse, kisha hurudishwa mpaka gurudumu lizunguke huru. Wengi hufanya nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kama shuu ziko sawa na gurudumu bado linashika baada ya kukanyaga na kuachia, fungua kidogo nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, shinikizo limenaswa ndani. Aidha hozi ya mpira imevimba kwa ndani ikawa inapitisha mafuta kwenda na kukataa kuyarejesha, aidha fimbo ya pedali haina nafasi ya kupumua kabla ya kuisukuma masta silinda, pampu ya breki. Hozi huzeeka hata kama gari halitembei, na kwa nje inaweza kuonekana mpya kabisa. Gurudumu lisipoachia hata baada ya kufungua nipo, pistoni imeng'ang'ania kwa kutu, jambo la kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari.

Breki zikishatolewa hatiani, nati imekazwa mno, au hamna grisi ya kutosha, au imejazwa kupita kiasi. Watu hawaliamini hili la mwisho. Haba iliyoshindiliwa grisi mpaka ikafura haina pa kuipeleka inapopata moto. Grisi hukorogwa, huyeyuka, husukuma sili (mpira wa kuzuia grisi isivuje) na kutoka. Beringi yenyewe ijazwe kikamilifu baina ya roli zote, lakini uwazi wa haba baina ya beringi mbili utiwe grisi theluthi moja hadi nusu, na kifuniko kipakwe kidogo tu.

Haba ikiunguza njiani, usiimwagie maji. Chuma chenye moto kikipoa ghafla huvuta maji ndani kupitia sili, na kinaweza kupasuka. Egesha kivulini na usubiri. Ukiona moshi, au gurudumu likawa zito kuzunguka, gari livutwe.

Dalili ya tatu: mngurumo unaoongezeka kwa mwendo

Tenganisha kwanza tairi na beringi. Tairi iliyolika kwa mabonde hunguruma vile vile, na mlio wake hubadilika unapotoka kwenye lami kuingia kwenye kifusi. Mlio wa beringi haujali barabara. Katika mahali salama, peleka usukani kulia kwa upole na usikilize, kisha kushoto. Ukikata kulia, mzigo hulalia magurudumu ya kushoto. Kwa hivyo mlio unaozidi ukikata kulia kwa kawaida ni wa beringi ya kushoto, na kinyume chake. Wako wanaobadilisha upande usio na kosa kwa sababu walisikiliza kwa sikio lililo karibu zaidi.

Mngurumo hautibiwi kwa kukaza nati. Fungua, osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa kitambaa, na usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, kwani roli zikichomoka hupiga kama risasi. Kisha isogeze mlangoni kwenye mwanga na usome uso wake. Vishimo vidogo kama ngozi iliyopata ndui ni uchovu wa chuma. Mistari iliyolala sawasawa katika kikombe, kwa nafasi zinazolingana na roli, ni alama za kugongwa, ama shimoni ama kwa nyundo ya aliyeifunga. Rangi ya samawati au ya kahawia iliyoiva ni moto. Madoa meusi na mekundu ni maji.

Maji ndiyo maradhi yetu. Gari likipita madimbwi ya masika yanayofika katikati ya gurudumu, au likiingia ufukweni maji yakijaa ili kuvuta boti, haba yenye joto hunyonya maji ya baridi. Grisi iliyonyonya maji hugeuka nyeupe kama chai ya maziwa, na ukiisugua vidoleni huteleza bila ya kunata. Ikiwa ni maji ya chumvi, usingoje mwisho wa mwezi. Fungua juma hilo hilo. Huo si muda wa kitabu, ni ushauri wangu, na siuonei haya.

Beringi mbovu hubadilishwa pamoja na kikombe chake, daima. Mzee mmoja wa Kikwajuni aliwahi kuniletea beringi mpya peke yake, akasema, "Mwanangu, kikombe bado kizima, tusiharibu pesa." Nikamjibu, "Babu, roli mpya juu ya kikombe cha zamani ni kama mswaki wa mtu mwingine." Alicheka, lakini kikombe alikinunua. Pale dukani usitegemee jina la gari. Soma namba iliyochongwa kwenye uso wa beringi na wa kikombe: L44649 huenda na L44610, LM11949 na LM11910, LM67048 na LM67010. Kwa namba hizo muuzaji wa spea anaweza kukupatia hata kama gari lako hajapata kuliona, au akaiagiza Dar es Salaam bila ya makosa.

Dalili ya nne: pedali inazama mara ya kwanza, inasimama mara ya pili

Kila mtu husema ni upepo, na mara nyingi ndivyo. Lakini ukishatoa upepo mara mbili na hali ikabaki, na gari lina diski mbele, pima mchezo wa beringi. Haba iliyolegea huiyumbisha diski katika kona, diski huzisukuma pedi, na pedi huirudisha pistoni ndani ya kalipa, kifaa kinachozibana pedi juu ya diski. Mkanyago wa kwanza unatumika kuirejesha pistoni mahali pake, na wa pili ndio unaofunga breki. Kwenye dramu athari hii hujitokeza zaidi kama pedali isiyotabirika, au mtetemo katika usukani wakati wa kufunga breki. Mtetemo usiokwisha baada ya beringi kuwa sawa unatokana na dramu iliyopoteza duara au diski iliyopinda, na hiyo ni kazi ya mashine ya kukereza.

Pedali ikifika sakafuni na isirudi, usiendeshe hata mpaka gereji ya jirani.

Dalili ya tano: gari linavuta upande mmoja, na kuna grisi ndani ya dramu

Sili ya haba imeshindwa. Huenda imetiwa kinyume, kwa kuwa mdomo wenye springi sharti uelekee kwenye grisi. Huenda ekseli imechimbika mfereji pale sili inapogusa, na sili mpya juu ya mfereji itavuja kama ya zamani. Huenda ni ile haba iliyoshindiliwa. Shuu zilizonyonya grisi zitupwe. Kuzichoma moto au kuzipiga msasa huzifanya zionekane kavu kwa siku chache, kisha zikipata joto hutoa tena mafuta. Badilisha pande zote mbili za mbele kwa pamoja.

Tahadhari mbili katika kusafisha. Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Usilipulize wala usilifagie likiwa kavu, bali lilowanishe na ulifute. Na mafuta ya taa uliyooshea beringi yasifike kwenye mipira ya breki, kwani huivimbisha. Mipira hiyo husafishwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe.

Marekebisho yenyewe, kwa beringi za roli zisizo na bomba la kutenganisha

Breki zimelegezwa, haba imefungwa, grisi ni ya lithiamu ya namba 2 inayostahimili joto, na haikuchanganywa na ile ya zamani ya rangi nyingine. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku ukikaza nati kwa mkono mwingine, mpaka uhisi uzito wa wazi. Kuzungusha ni lazima, maana roli hazijipangi zikiwa zimesimama. Legeza nati kabisa, kisha ikaze tena kwa vidole tu mpaka iguse. Hapo pima. Mwenye saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) aifunge juu ya haba na kusoma mwendo wa kuvuta na kusukuma. Asiye nayo atategemea mkono: gurudumu lizunguke bila ya kukwaruza, na kwa kulishika juu na chini usikie mgongano mdogo kabisa, unaohisika zaidi kuliko unavyoonekana.

Katika nati yenye mapengo, tundu la pini lisipolingana, rudisha nyuma mpaka pengo la karibu. Usikaze mbele kulifuata tundu. Pini iwe mpya. Kipande cha msumari si pini, wala waya wa kufungia madema. Land Rover za Series zina nati mbili na washa ya kukunjwa baina yake, na spana yake ya bomba ni ya milimita 52. Asiyekuwa nayo aazime, asitumie tindo na nyundo, kwani chembe za chuma zinazoruka huishia ndani ya beringi. Baada ya kukaza nati ya nje pima upya, kwa sababu huisukuma ile ya ndani na kula sehemu ya nafasi uliyoiacha. Wengi hupima kabla ya nati ya pili na kushangaa baadaye kwa nini haba ina moto. Ukiridhika, kunja washa juu ya nati zote mbili.

Ekseli ikiwa na rangi ya samawati, ufa mdogo kama unywele au nyuzi zilizolika, au beringi ya ndani ikiwa imeganda juu yake, weka spana chini na umwite fundi mwenye vifaa vya kuvutia na kupimia. Ekseli iliyopata moto inaweza kuonekana nzima na kukatika siku nyingine.

Mambo yakiwa sawa, rejesha shuu katika kipimo chake, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya gari kusogea, na uende safari fupi. Ukirudi, gusa haba zote mbili. Baada ya kilomita mia moja hivi inua tena gari, legeza shuu na upime mchezo mara nyingine, kwa kuwa vikombe vipya hukaa zaidi katika safari za mwanzo. Kama nati inahitaji kusogezwa pengo moja, hapo ndipo mahali pake, na pini nyingine mpya iwe tayari mfukoni.